Mshika Miguu

Jioni ile nilihitaji ufunguo mmoja tu.

Ulikuwa ufunguo wa kabati la vioo lililoko wodi ya watoto, ghorofa ya pili, na siku zote ulikaa mfukoni mwa mwongoza wageni wetu, mtu tuliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kitufe chake cha kuzimia. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Wageni wa mwisho walikuwa wanavaa viatu vyao kwenye ngazi, wanacheka kile kicheko cha watu walioogopeshwa kisha wakarudishwa salama.

"Leo mmoja amelia," Redio aliniambia, akijipepea kwa kofia. "Mwanaume mzima, ndevu hizi hapa. Nimemlaza kitanda cha sita, nikamwambia afumbe macho, mwenzake akamgusa kidole gumba cha mguu kwa chupa ya maji baridi. Weee! Karuka utadhani kakanyaga kaa la moto."

"Utakuja kuua mtu."

"Si nitakuwa nimeongeza mzimu? Huyu mmoja tumeshamchosha."

Jengo letu lilikuwa hospitali ya kifua kikuu. Sasa ni makumbusho, na mimi ndiye ninayeandika vibao vya maelezo. Lakini wageni hawaji kwa ajili ya vibao. Kwenye zile orodha za majumba ya mizimu yenye sifa duniani, zinazoanza na ngome ya mwanamke asiye na kichwa na hoteli ambayo lifti yake husimama ghorofa isiyobonyezwa na mtu, sisi huwa wa saba au wa nane. Wanakuja kwa ajili ya Sista. Muuguzi aliyepita magharibi, kabla taa hazijawashwa, akishika miguu ya watoto kitanda baada ya kitanda. Anachagua. Aliyechaguliwa haoni asubuhi. Redio husimulia hivyo mara nne kwa siku, na kila mara wageni huvua viatu, hulala kwenye vile vitanda vya chuma, na hungoja.

"Ufunguo wa nini saa hizi?" aliuliza.

"Nakagua tarehe."

"Wewe na tarehe! Utakuja kuolewa na kalenda." Aliutoa. "Geti nafunga saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa, nisalimie Sista."

Sikumwambia ukweli. Ukweli ulikuwa umelala nyumbani, chumba cha nyuma, umeegemezwa mito mitatu ili upumue.

Mama alikuwa na miaka sitini na sita na mapafu ya mtu wa mia. Daktari alimwambia mama mdogo, si mimi, kwamba tuhesabu siku, tusihesabu wiki. Mama mdogo alinipa habari hiyo jikoni, ameshika sufuria, kisha akageuka haraka kuiosha ingawa ilikuwa safi.

Siku tatu kabla ya jioni hiyo, mama aliniita akaniambia nifunge mlango.

"Hapo unapofanya kazi," alisema. "Mimi nimelala hapo."

Nilijua aliugua kifua utotoni. Sikujua kwamba ni pale. Mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa namsimulia vituko vya Redio, yeye ananiitikia "enhe", huku anakunja nguo.

"Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu sita." Alipumzika. Kila sentensi aliilipia kwa pumzi. "Sista alianzia kitanda cha kumi na mbili, cha mlangoni. Anashika miguu, anahamia kingine, mpaka cha kwanza, cha dirishani. Hapo ndipo anapokaa. Anakaa mpaka giza. Watoto wakubwa walisema anayekaliwa ndiye aliyechaguliwa. Walisema waliolala dirishani kabla yangu walikufa wote."

"Nani alikuwa analala dirishani?"

"Mimi."

Nilimpa maji. Alikunywa tone.

"Jumamosi moja nikaona zamu yangu imefika. Nikamwambia mdogo wangu, njoo ulale kwangu, kesho baba akija utakuwa wa kwanza kumwona. Akafurahi, jamani. Akafurahi! Nilimwegemeza begani, alikuwa mwepesi kama nguo. Mimi nikalala chake, cha pili, nikajifunika gubigubi. Sista akaja. Akanishika miguu. Akapita. Akaenda kwake... akakaa."

"Mama, pumzika."

"Asubuhi hakuamka."

Nje mama mdogo alikuwa anafokea kuku wa jirani. Mama alisubiri kelele ziishe, kana kwamba hakutaka hata kuku wasikie.

"Na baba alipofika, akanikuta mlangoni, hakunikimbilia. Alipiga ukelele. Akarudi nyuma. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani aliona usoni mwangu nilichokifanya."

Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Wewe ni mtu wa vitabu. Yule Sista alikuwa akiandika, nilimwona. Kaniangalizie. Nilimuua, au sikumuua? Usiniletee maneno ya kunipoza. Niletee kilichoandikwa."

Hicho ndicho kilichonipandisha ngazi jioni ile.

Nilivua viatu mlangoni, kama sheria yetu inavyotaka, kwa ajili ya sakafu ya mbao. Vitanda kumi na viwili katika mstari mmoja, blanketi za kijivu, kadi tupu zinaning'inia miguuni. Mwisho kabisa dirisha kubwa, kiti kilichozungushiwa kamba, na kabati la vioo. Ndani yake kitabu cha ripoti ya usiku. Kilikuwa kimefunguliwa ukurasa uleule tangu nianze kazi, ukurasa wenye doa la wino ambalo Redio huwaambia wageni ni damu.

Nilikitoa. Niliketi kitanda cha kwanza, maana kiti hakiruhusiwi, nikarudi nyuma miaka hamsini na saba.

Sista alianza kazi katika wodi ile wiki mbili tu kabla ya Jumamosi ya mama. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umelala upande mmoja. Kila jioni aliandika vitanda vyote kumi na viwili, na kila kitanda neno moja. Joto. Joto. Baridi. Joto. Na chini kabisa, kila jioni: *Mwanga wa dirishani umekwisha. Naishia hapa.*

Nilisoma mstari huo mara tatu.

Alikaa dirishani kwa sababu ya mwanga. Hakuwa anachagua mtu. Alikuwa anaandika ripoti kabla giza halijamkuta, na taa hakutaka kuwasha asije akawaamsha watoto. Ndiyo maana aliwapima kwa miguu. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: *Miguu hutangulia kupoa. Anayepoa nampasha kwa mikono.*

Nikafika wiki yenyewe.

*Jumatano. Kitanda 2, miguu baridi. Nimeipasha. Ametema damu mara mbili.*

*Alhamisi. Kitanda 2, baridi. Daktari amemwona. Anasema lililobaki ni kumtunza.*

*Ijumaa. Kitanda 2, baridi. Hali chakula. Wazazi wakija Jumapili waambiwe.*

Kitanda cha pili. Mjomba wangu wa miaka sita. Alikuwa anakufa tangu Jumatano, kabla dada yake hajafikiria dirisha lolote. Niliweka kitabu mapajani nikalia kidogo, kwa furaha, kama naweza kuiita hivyo. Nilikuwa nimepata kitu cha kumpelekea mama.

Ningefunga kitabu pale. Mtu mwingine angefunga. Mimi siwezi kuacha ukurasa kabla ya mstari wa mwisho.

*Jumamosi. Kitanda 2, miguu joto! Namshukuru Mungu. Kitanda 1, baridi ghafla. Sielewi, jana alikuwa mzima. Nitakaa naye.*

Na chini, kwa penseli iliyokandamizwa sana:

*Nimempasha usiku kucha. Sikumwacha. Kitanda 1 amefariki saa kumi na moja alfajiri.*

Pembeni alikuwa ameandika jina la marehemu, kutoka kwenye kadi ya kitanda.

Jina la mama yangu. Herufi zote.

Vichwa vyote vilinyolewa. Nguo zote za kulalia zilikuwa za aina moja. Watoto walijifunika gubigubi kwa kumwogopa, naye hakuwafunua kwa kuwahurumia. Aliwajua kwa kadi na kwa miguu. Babu alipofika getini asubuhi ile, alisomewa kitabu. Aliambiwa binti yake amekufa, kisha akapanda ngazi, akamkuta binti amesimama mlangoni. Ndiyo maana alipiga ukelele.

Usiku uliofuata mwandiko ni wa mtu mwingine. Sista alikuwa ameanza kukohoa. Alikufa mwezi uleule, ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Hakuna aliyemwambia. Alikufa akijua kwamba msichana wa dirishani alimponyoka mikononi.

Nyaraka za kale hazisahihishwi. Nimefundishwa hivyo miaka mitatu, na nimewafundisha wengine. Lakini sikuweza kutoka mle nikaacha jina la mama limelala kando ya neno lile, wakati mama mwenyewe anapigania pumzi nyumbani. Nilichukua penseli. Nilipiga mstari mmoja mwembamba juu ya jina lake. Nikaandika jina la mjomba. Na mbele ya jina la mama nikaandika: *yu hai*.

Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la jirani. Mwanga wa dirishani ulikuwa unakwisha.

Kriiik.

Springi ya kitanda. Mbali, upande wa mlango.

Niliinua kichwa. Hakukuwa na mtu. Blanketi la kitanda cha kumi na mbili lilikuwa limebonyea upande wa miguu... kisha likainuka, taratibu, kama mkate.

Kriiik. Cha kumi na moja.

Harufu ikanifikia. Sabuni ya dawa, spiriti, na chini yake jasho la mtu mwenye homa.

Cha kumi. Cha tisa. Hakukuwa na hatua za miguu. Kulikuwa na springi tu, na kati ya springi na springi kituo kifupi, cha mtu anayepima. Nilikunja miguu yangu chini ya mapaja. Nilikuwa na soksi. Nakumbuka nilifikiri, soksi zina tundu, aibu gani hii.

Cha nne. Cha tatu.

Cha pili... Hapo alikawia. Nilisikia pumzi ikivutwa na kukwama katikati, kama ya mama.

Kisha godoro nililokalia likashuka upande mmoja.

Hakunigusa. Ubaridi ulipita mbele ya uso wangu, ukainama juu ya mapaja yangu, juu ya kitabu. Ukurasa ulitetemeka. Ulikaa hapo muda mrefu, muda wa mtu anayesoma mstari mmoja, anaurudia, haamini.

"Yuko wapi?"

Ilikuwa sauti ndogo, ya mwanamke aliyechoka mwisho wa zamu. Haikuwa na ubaya wowote. Ingekuwa na ubaya ningenyamaza.

"Nyumbani," nilisema.

"Kitanda gani?"

Nimelelewa kumjibu mkubwa anayeniuliza. Na kazi yangu yote ni kujibu kwa ukamilifu.

"Nyumba ya tatu kutoka kona, yenye mlango wa kijani," nilinong'ona. "Chumba cha nyuma. Kitanda cha ukutani."

Godoro likainuka.

Springi hazikulia tena. Harufu ilipita vitanda vyote kumi na viwili kwa mara moja, haraka, kama mtu aliyeitwa, ikatoka mlangoni.

Hapo ndipo nilipoelewa nimesema nini.

Nilishuka ngazi na viatu mkononi. Redio alikuwa anazungusha mnyororo getini. "Enhe, umemkuta? Anasemaje?" Kisha akaniona uso. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alizima.

Nilikimbia. Kwa kawaida ni dakika ishirini na mbili. Sijui zilikuwa ngapi.

Mama mdogo alinifungulia, ameshika kijiko. "Wewe! Unakimbizwa na nani bila viatu?"

"Mama yuko?"

"Angeenda wapi, disko? Yuko macho. Anakuuliza tangu saa kumi."

Alikuwa macho, kweli. Alinitazama kabla sijavuka kizingiti, akaona miguu yangu, akaona vumbi, akasema, "Umesoma."

"Nimesoma."

"Sema."

Nilipiga magoti kando ya kichwa chake. Nikamwambia kilichoandikwa, siku kwa siku, bila kuongeza neno. Jumatano. Alhamisi. Daktari. Lililobaki ni kumtunza. Mama mdogo alisimama mlangoni, mikono kifuani, na nilitambua kwamba naye alikuwa hajui, kwamba alizaliwa nyuma ya siri hii na akakua nayo nyumba moja.

"Alikuwa anakufa kabla hamjabadilishana, mama. Ungemwacha kitanda chake, angekufa kitanda chake."

Mama alifumba macho. Machozi yalitafuta njia kwenye mikunjo.

"Peke yake?"

"Hapana. Sista alikaa naye. Ameandika, *Nimempasha usiku kucha. Sikumwacha.*"

"Ameandika hivyo?"

"Kwa penseli. Amekandamiza."

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama ya mtu anayetua ndoo aliyoibeba mbali. Miaka hamsini na saba. Nilimwinua shingo kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikashika kikombe, nimnyweshe maji.

"Mwanangu," alisema, "mikono yako baridi."

"Pole. Nimetoka nje."

"Basi iache miguu yangu."

Kikombe kilisimama njiani.

Mkono wangu mmoja ulikuwa shingoni mwake. Mwingine ulikuwa na kikombe. Mama mdogo alikuwa bado mlangoni, mikono kifuani.

Niligeuza macho, si kichwa. Blanketi la miguuni lilikuwa limebonyea sehemu mbili, kila moja upana wa kiganja. Na chumba kilinuka sabuni ya dawa.

"Dada," mama mdogo alinong'ona, "unaongea na nani?"

Mama hakumjibu. Alitazama mwisho wa kitanda, muda mrefu. Nilingoja aogope. Nilikuwa tayari kupiga kelele, kulivuta lile blanketi, kusema nilikosea nyumba, si huyu, rudi. Lakini uso wake ulikuwa unalegea, mkunjo mmoja baada ya mwingine, mpaka nikamwona msichana wa miaka tisa.

"Kumbe ulikuwa unapasha," alisema.

Pumzi ikaingia. Tukangoja itoke.

Ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Taa ya chumbani ilikuwa haijawashwa.

Mama mdogo anasema siku zake zilifika, na daktari anasema vivyo hivyo kwa maneno marefu. Mtu wa hali ile huona watu, huhisi kuguswa, ni hewa kupungua kichwani. Nimekubali, kwa sababu sina ushahidi. Lakini ni mimi niliyemfumba mama macho, na ni mimi niliyeshika miguu yake baada ya hapo. Miguu hutangulia kupoa. Mikono ya mama ilipoa, uso ukapoa, kifua kikapoa, na miguu ilikuwa na joto, joto la mtu aliyelala vizuri, mpaka wanawake walipokuja kumwosha saa nne. Mmoja wao aliishika, akamtazama mwenzake, naye akaishika.

Nilirudi kazini wiki iliyofuata. Nilipanda na kifutio. Nilifungua ukurasa nikausoma mstari wangu: *yu hai*. Siku nilipouandika ulikuwa kweli. Je, kama ukurasa ungebaki vile alivyouacha Sista, msichana yule akihesabiwa amekwisha kufa, nani angekuja kumtafuta? Mama angeishi wiki? Mwezi? Au angekufa jioni ileile, anauliza swali lake, hana wa kumjibu? Nimelipindua jambo hili kila upande. Hakuna kitabu cha kulikagua. Kifutio nilikirudisha mfukoni.

Kibao kipya nimekiandika. Kinasema Sista alikuwa anapasha miguu ya watoto waliokuwa wanakufa, ili wasiondoke na baridi. Redio amelalamika kwamba hakitishi. Lakini nimemsikia akikisoma kwa wageni, na mwishoni hakuongeza kitu, akawaacha wavae viatu polepole.

Nyumbani tumebaki wawili, mama mdogo chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Kitanda ni kilekile cha ukutani. Nilimwelekeza mwenyewe, na njia sasa anaijua. Kila magharibi, kabla sijawasha taa, najilaza kidogo na kusikiliza springi. Jioni nyingine nikiogopa, naiingiza miguu ndani ya blanketi, naikunja mpaka kifuani.

Nikimkumbuka mama, naitoa.